Kijito cha nyuma ya nyumba ya mama: sasa tunapata wati 43

Nyumba ya mama iko Rungwe, kwenye mteremko, na kijito kinapita hatua chache kutoka mlango wa jiko. Nguzo za umeme hazijafika upande wetu. Mwezi Machi nilianza kutengeneza mtambo mdogo wa kufua umeme kwa maji yale: taa tatu, redio, na simu za majirani wanaokuja kuchaji. Hapa naandika nilipofika.

Machi

Kabla ya kununua hata msumari nilipima. Niliyakinga maji yote kwa kipande cha bati yakaingia kwenye ndoo ya lita 20. Ikajaa kwa sekunde 10. Kwa hiyo ni lita 2 kila sekunde. Kimo nilikipata kwa ule mpira mwembamba wa kuona maji ndani, ambao mafundi ujenzi hutumia kupata usawa: mita 6 kutoka juu ya jiwe kubwa hadi pale mtambo utakapokaa. Zidisha 2 kwa 6, kisha kwa 9.81 ya mvuto wa dunia, unapata wati 118 hivi. Ndiyo nguvu yote iliyomo, kabla bomba, mkanda na mota havijachukua chao.

Hesabu hii imenifanya niyaelewe mabwawa yetu kuliko shule ilivyonifanya. Kihansi maji hushuka zaidi ya mita 800, ndiyo maana mto ambao si mkubwa unatoa megawati 180. Bwawa la Nyerere kule Rufiji halina kimo cha namna hiyo, ila lina maji mengi mno, na mashine zake 9 za megawati 235 zinafika megawati 2,115. Ni kuzidisha kulekule kwa ndoo yangu.

Aprili

Nilipoteza mwezi mzima kwa bomba la inchi moja, mita 40. Nilichagua jembamba nikiamini litayabana maji yapate kasi. Yalitoka kwa ulegevu, gurudumu likawa linazunguka na kusimama. Mzee jirani, ambaye ameleta maji mashambani kwa mabomba miaka mingi, aliweka kiganja mbele ya mdomo wa bomba akasema, "Kijana wangu, maji yako yamechoka njiani." Alisema kweli: yakikimbia kwenye bomba jembamba yanasuguana na kuta, na kimo chote kinaishia humo. Tukaweka la inchi mbili, tukabana mwishoni tu, pale yanapotokea. Hapo mchirizi ukawa unauma kiganjani.

Gurudumu lina kipenyo cha sentimita 20. Vikombe vyake nilivikata kwenye bomba gumu la plastiki, nikavifunga kwa boliti kwenye sahani ya chuma. Linazunguka mara 500 na ushee kwa dakika.

Mei

Nilianza na alteneta ya gari, kile kifaa kinachozungushwa na injini kuchaji betri, kwa sababu kila gereji inayo. Sishauri. Alteneta haina sumaku ya kudumu. Lazima uilishe umeme wa betri ili sumaku yake ya ndani iamke, na yangu ilikuwa inakula ampea 3. Kwenye volti 12 hiyo ni wati 36. Kwa injini ya gari si kitu, ila kwa kijito changu ilikuwa inakula karibu chote inachozalisha.

Nikatafuta mota ya sumaku ya kudumu, nikapata ya skuta ya umeme iliyokufa, ya volti 24. Nimeifunga kwa mkanda na puli zinazozidisha mzunguko mara tatu.

Jioni ya kwanza ilinifunza jambo sitalisahau. Nilifunga koki, maji yakakata kabisa, lakini gurudumu likaendelea kuzunguka gizani, kavu, bila tone. Mama aliuliza, "Linaendeshwa na nini hilo?" Lilikuwa linaendeshwa na betri! Mota ukiizungusha inatoa umeme, ukiipa umeme inazunguka. Ni kitu kimoja. Kesho yake niliweka dayodi, umeme uende upande wa betri tu bila kurudi.

Tangu hapo naona mitambo yote mikubwa kwa jicho lile. Olkaria kule Kenya kinachosukuma ni mvuke wa ardhini, Kinyerezi ya Dar es Salaam ni gesi inayoungua, kule Ziwa Turkana ni upepo. Wote mwisho wa safari wanazungusha sumaku na shaba zikiwa karibu, jambo alilolionyesha mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Paneli ya jua peke yake haizungushi chochote.

Juni

Mita inasoma volti 13.4 na ampea 3.2. Wati 43, kama theluthi ya zile 118. Rafiki yangu wa mjini aliona ni kidogo, kwake juu ya bati kuna paneli ya wati 200. Nikamwomba tuhesabu siku nzima. Paneli yake ikipata jua zuri kwa muda wa saa 5 inampa wati-saa 1,000. Mtambo wangu haulali: 43 mara 24 ni 1,032. Na usiku, wakati mama anazihitaji taa, ndipo unaendelea kuchaji.

Kutolala huko kumeleta kazi mpya. Alfajiri betri inakuwa imejaa na umeme bado unakuja. Paneli unaweza kuikata tu, haina neno. Gurudumu ukiliondolea mzigo linakimbia ovyo, beringi zinapata moto na volti zinapanda. Natengeneza swichi ya kuupeleka umeme wa ziada kwenye koili ya kupasha maji, mama apate ya uvuguvugu asubuhi, maana Juni huku ni baridi kweli.

Kiangazi kinaingia. Jumamosi iliyopita ndoo ilijaa kwa sekunde 13. Nimepigilia daftari dogo kwenye nguzo ya kibanda, na mama amekubali kupima kila Jumamosi hadi mvua zirudi.