Walinicheka kwa kucheza na chuo kikuu nikiwa sekondari, kumbe chuo chao kilianza hivyo hivyo

"Chuo kikuu gani hicho kinacheza na watoto wa sekondari?"

Aliyesema hivyo ni mwenzangu tunayebeba naye boksi hapa Lansing, Michigan. Tulikuwa kwenye mapumziko, dakika 30 zile ambazo ukienda kunawa mikono zimebaki 20. Meza nzima ilikuwa inazungumza mpira wao wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu, maana msimu umeanza na mji wote umevaa kijani, rangi ya chuo kikuu cha hapa, Michigan State. Nikasema mimi pia niliwahi kucheza dhidi ya wanachuo, pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, nikiwa kidato cha tatu. Ndipo akacheka na kuuliza hilo swali. Kisha akaongeza, "Ndiyo maana." Ndiyo maana nini, hakumalizia. Wengine wakacheka naye. Mama mmoja wa Bukavu, tunayekaa naye upande mmoja wa meza, alinigusa mkono akasema, "Umuache, ndugu yangu." Nikamwacha. Lakini lile "ndiyo maana" nilirudi nalo nyumbani na usiku sikulala vizuri.

Mechi yenyewe naikumbuka kuliko mechi yoyote niliyowahi kucheza. Tulipanda lori la mchanga hadi upande wa Magadu, milima ya Uluguru imefunikwa na ukungu, uwanja una mteremko upande wa goli moja. Wao jezi zenye namba, sisi fulana za kuazima. Wanne kati yetu tulikuwa peku. Tulifungwa tatu kwa moja, na hilo moja tulilifunga kihalali. Baada ya mechi namba nane wao alinivulia njumu zake akanipa. Akasema, "Dogo, una mguu, usiache shule." Zile njumu nilizivaa hadi kidato cha sita. Sasa mtu anapocheka mechi ile, anamcheka na yule kaka pia, na hapo ndipo iliponiuma.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda maktaba. (Wewe unayejiandaa kuja huku, sikiliza: kitu cha kwanza ukishapata anwani ni kadi ya maktaba. Ni bure. Intaneti bure, vitabu bure, joto bure wakati wa baridi, na usaidizi wa kuandika barua ya kazi. Watu wanakaa hapa miaka mitano hawajaingia.) Nilimwambia mama wa kaunta kwamba nataka kujua timu ya chuo kikuu cha hapa ilianza lini na ilicheza na nani. Hakuniuliza mimi ni nani wala natoka wapi. Alikaa nami karibu saa nzima, akavuta kiti, akanionyesha jinsi ya kutafuta. Tulipofika mwaka 1896 nilisoma mara mbili.

Michigan State, hiki chuo chenye uwanja wa watu zaidi ya 70,000, kilipoanzisha timu yake rasmi mwaka 1896 kilikuwa kinaitwa Chuo cha Kilimo cha Michigan. Hawakuwa na kocha. Na mechi yao ya kwanza, Septemba mwaka huo, walicheza na Lansing High School. Shule ya sekondari ya mji huu huu. Wakashinda 10 kwa 0. Mwaka ule walicheza mechi nne tu, na hiyo dhidi ya wanafunzi wa sekondari ndiyo pekee waliyoshinda. Kalamazoo waliwafunga mara mbili, na Alma wakatoka nao sare bila kwa bila.

Chuo cha kilimo! Kama SUA. Kilianzishwa 1855, na kwa miaka mingi wanafunzi wake walilazimika kufanya kazi za shamba masaa matatu kwa siku pamoja na masomo. Nani kati yetu tuliosoma shule zenye shamba la mahindi na zamu ya kulima hawezi kuwaelewa vijana hao? Mikono yao ilikuwa na sugu kama yetu.

Nikaendelea kusoma, na kila nilipogeuka nikakuta ni desturi. Mahasimu wao wakubwa wa Ann Arbor, Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 1891 walicheza na sekondari ya mji wao. Chuo Kikuu cha Chicago kilipofungua milango mwaka 1892, kocha Amos Alonzo Stagg alianza msimu kwa kucheza na sekondari za jirani, na yeye mwenyewe kocha akaingia uwanjani kwa sababu watu hawakutosha. Notre Dame, jina ambalo hapa likitajwa watu wanashusha sauti, ushindi wao wa kwanza kabisa ulikuwa Desemba 1888 dhidi ya Harvard School ya Chicago. Usidanganyike na jina: haikuwa Chuo Kikuu cha Harvard, ilikuwa shule ya vijana wanaojiandaa kwenda chuo. Ishirini kwa sifuri. Na Minnesota mwaka 1904 waliikung'uta timu ya sekondari za Minneapolis na St. Paul pointi 107 kwa 0. Mia na saba! Yule namba nane wa SUA angeona aibu.

Sababu ni ile ile tuliyokuwa nayo sisi. Timu zilikuwa chache. Ukitaka kucheza na chuo kingine unapanda treni, na nauli mnachangishana. Aliye karibu ni sekondari ya mji, basi unacheza na aliye karibu. Na umri haukuwa umetengana kama leo. Vyuo vingi vilikuwa na madarasa ya maandalizi ndani yake, na sekondari ungeweza kumkuta kijana aliyechelewa kuanza kwa sababu ya shamba la baba yake. Hilo nalo tunalijua. Darasani kwetu kulikuwa na kaka mwenye ndevu tuliyemwamkia.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwingine pia. Mwaka ule wa 1896 kufikisha mpira mwisho wa uwanja kulikuwa pointi nne, leo sita. Kurusha mpira mbele kulikatazwa hadi 1906, kwa hiyo ilikuwa kusukumana kifua kwa kifua, na kofia ngumu hazikuwa lazima. Vijana walikufa. Mwaka 1905 vifo vilizidi mpaka Rais Theodore Roosevelt akawaita wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton Ikulu, na mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa. Nikiwafikiria wale wa sekondari ya Lansing, watoto wa watu, wamesimama mbele ya wanaume wa shamba bila kofia, na wakafungwa kumi tu, nawaheshimu sana.

Mimi hili linanigusa kwa karibu kwa sababu mwanangu amejiunga na timu ya sekondari hapa. Ada ya kushiriki, viatu, kinga ya meno, picha ya timu, fulana ya mzazi: nimeshatoa dola zaidi ya 300 na msimu haujafika katikati. Piga hesabu mwenyewe ujue ni mihula mingapi ya nyumbani. Wazazi mnaokuja na watoto wa kiume, hakikisheni kwanza bima ya afya inamhusu mtoto, ndipo mtie saini ile fomu. Msitie saini kwa kuona haya mbele ya kocha. Kijana wa jirani yetu alivunjika mfupa wa bega mwaka jana, na bili iliyokuja wazazi wake wanailipa mpaka leo kidogo kidogo.

Yule mama wa maktaba alinichapia kurasa tatu. Nilipotaka kulipa akakataa, akasema amefurahi kwamba kuna mtu ameuliza. Jumatatu nilikwenda nazo kazini. Nilimpa mwenzangu ukurasa wa mwaka 1896, nikamwambia soma hapo juu, mechi ya kwanza. Akasoma. Alikaa kimya kidogo kisha akaniuliza, "Na nyinyi mlifungwa ngapi?" Nikamwambia tatu kwa moja. "Mlifunga moja?" Nikamwambia ndiyo, ya kichwa, kona kutoka kushoto.

Hakuniomba radhi. Alinirudishia karatasi, akasema babu yake alisoma sekondari hapa mjini na alicheza.

Ijumaa jioni mwanangu anacheza nyumbani. Nimebadilishana zamu na mama wa Bukavu, nitamlipa Jumapili. Ile karatasi ya 1896 nimeibandika kwenye friji, chini ya ratiba ya mechi zake, na nimemwonyesha jina la shule iliyofungwa kumi kwa bila.