Kundi la WhatsApp la timu ya netiboli: nilivyolianzisha na niliyolazimika kuyabadilisha

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari ya kutwa iliyopo Manispaa ya Morogoro, na tangu mwaka 2019 nimekabidhiwa pia timu ya netiboli ya wasichana. Shule ya kutwa ina tatizo ambalo wenzetu wa shule za bweni hawalijui: kengele ya mwisho ikishalia, wachezaji hutawanyika kuelekea Bigwa, Kola, Mafiga na wengine hadi Kihonda, na baada ya hapo mwalimu hana njia ya kuwapata mpaka kesho yake asubuhi. Katika shule yetu, kama ilivyo katika shule nyingi nchini, mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Kwa hiyo kila ninapowaeleza walimu wenzangu kwamba nawasiliana na timu kwa WhatsApp, huniuliza swali lilelile: unawasiliana na nani, ikiwa wachezaji wenyewe hawana simu? Jibu langu ni kwamba nawasiliana na wazazi wao, na ilinichukua misimu miwili kuelewa jambo hilo linadai nini kwangu.

Kilichonisukuma kuanzisha kundi ni mvua. Mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari Tanzania, huanzia shuleni, yakapanda ngazi ya kata, wilaya na mkoa, hadi fainali za kitaifa ambazo kwa kawaida hufanyika katikati ya mwaka, na maana yake ni kwamba maandalizi yetu mazito huangukia Machi, Aprili na Mei, yaani masika yenyewe. Kiwanja chetu ni cha udongo, na mawingu yanaposhuka kutoka milima ya Uluguru huweza kujaa maji ndani ya nusu saa. Netiboli haimruhusu mchezaji kutembea na mpira. Akiudaka akiwa mbioni, lazima asimame papo hapo juu ya mguu aliotua nao. Kwenye ardhi kavu hilo ni zoezi la kawaida, lakini kwenye tope mguu huteleza huku mwili ukiwa umeshageuka, na anayelipa ni goti. Nilishampoteza mchezaji mmoja kwa msimu mzima kwa namna hiyo, na tangu siku hiyo sikutaka tena kufanya mazoezi kiwanjani kukiwa kumelowa. Nilihitaji namna ya kuahirisha kwa haraka.

Mwaka 2021, baada ya kikao cha wazazi na kwa kibali cha mkuu wa shule, nilifungua kundi. Wachezaji walikuwa 18. Wazazi na walezi wenye simu janja walikuwa 11, na waliobaki walikuwa na vitochi, yaani simu ndogo zisizo na WhatsApp. Nilijiambia kwamba hao saba watapata habari kwa wenzao, kwa kuwa wengi wanaishi mitaa ya jirani. Sikumwomba mtu yeyote kuifikisha habari hiyo. Nilidhani itajifikisha yenyewe.

Jumamosi moja ya Aprili mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa 12:30 asubuhi niliandika kwenye kundi kwamba mazoezi ya saa 2 yameahirishwa, nikaona alama za samawati zikitokea, nikarudi kulala nikiwa na amani kabisa. Saa 5 kasoro mlinzi wa shule alinipigia simu. Alisema, "Mwalimu, una mtoto wako huku." Nilipofika nilimkuta binti anayecheza nafasi ya GD, yaani mlinzi wa goli, ambaye anaishi na bibi yake juu ya Bigwa, amesimama chini ya paa la stoo ya vifaa vya michezo. Alikuwa amevaa ndala zilizojaa tope, na viatu vyake vya michezo alikuwa amevifunga ndani ya kanga ya bibi yake ili visilowe. Alikuwa ametembea kwa miguu karibu saa nzima kwenye mvua, kisha akasubiri saa tatu. Aliniamkia, kisha akasema, "Nilidhani wenzangu wamechelewa kwa sababu ya mvua, mwalimu." Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimsindikiza hadi kwa bibi yake, nikaomba radhi, na wiki hiyohiyo nikaanza kuupanga upya utaratibu mzima.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba alama mbili za samawati zinathibitisha kwamba ujumbe umefunguliwa kwenye simu, na hazisemi lolote kuhusu mtoto kama amepata habari. Niliketi na daftari nikaandika kaya zote 18, kisha kila kaya yenye kitochi nikaiunganisha na kaya yenye simu janja iliyo karibu nayo, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Tangazo linapotoka, mzazi mwenye jukumu humwambia mwenzake, ama kwa simu ama kwa kumtuma mtoto, na baada ya kumfikishia ndipo huniandikia neno moja: "Imefika." Nisipoona neno hilo ndani ya saa moja, napiga simu mwenyewe. Sambamba na hilo nilirudi kutuma meseji za kawaida kwa namba zile saba, kwa sababu meseji haihitaji bando wala simu ya gharama. Ratiba ya wiki nayo hubandikwa kwenye ubao wa matangazo kila Ijumaa, kabla sijaiweka kwenye kundi. Kwa walezi ambao kusoma kunawawia vigumu, hasa mabibi, nimezoea kuwapigia simu Jumapili jioni. Ni simu mbili au tatu tu, na hazizidi dakika tano kwa pamoja.

Jambo la pili nililetewa na baba mmoja, na nakiri kwamba nisingeligundua mwenyewe. Alikuwa amemzuia binti yake kuja mazoezini, nami nikamwendea nikiwa na hoja zangu zote tayari kuhusu afya, nidhamu na vipaji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sina shida na mpira. Nina shida na saa moja usiku." Binti alikuwa akifika nyumbani giza limeshaingia na kueleza kwamba mazoezi yalichelewa kwisha. Siku nyingine ilikuwa kweli, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilikuwa na tabia ya kuongeza dakika ishirini nikiona mchezo umenoga. Siku nyingine haikuwa kweli. Baba hakuwa na njia yoyote ya kujua ipi ni ipi.

Tangu hapo, kila mazoezi yanapokwisha, kabla sijaondoka kiwanjani, naandika ujumbe wa namna hii: "Mazoezi yamekwisha saa 11:40 jioni. Waliohudhuria ni 16, wote wameondoka. Wa Bigwa wameondoka pamoja." Sitaji nani hakuja; mzazi ambaye mtoto wake hakuhudhuria huelezwa peke yake kwa simu. Ujumbe huo mmoja umefanya kazi kubwa kuliko mengine yote niliyowahi kuweka kwenye kundi. Baba yule alimruhusu binti yake kurudi ndani ya wiki mbili, na wazazi wengine wawili wakafuata. Ujumbe huo ulinibana na mimi pia, na nashukuru kwamba ulinibana, kwa sababu siwezi tena kuongeza dakika ishirini wakati kuna watu 11 wanaosubiri kuona nimeandika saa ngapi.

Hapo mwanzo kundi lilikuwa wazi kwa kila mtu kuandika, na hali hiyo haikudumu. Picha za kutakiana asubuhi njema, matangazo ya biashara, dua za kusambaziwa watu kumi na mijadala ya siasa vilijaa kiasi kwamba usiku mmoja nilihesabu jumbe zaidi ya sitini, na miongoni mwake iliyohusu netiboli ilikuwa moja. Bando la mzazi linaliwa na picha ambazo hakuziomba, kisha analinyamazisha kundi, na siku ya tangazo muhimu hasikii kitu. Nilibadilisha mpangilio ili waandike viongozi wa kundi tu, yaani mimi na mwalimu wa kike anayesaidiana nami kuilea timu, na kundi hufunguliwa kwa maswali Jumapili kuanzia saa 1 hadi saa 2 usiku. Wawili walijitoa kwa hasira. Mmoja alirudi.

Suala la michango lilinifundisha kwa uchungu. Tulipofuzu kwenda ngazi ya wilaya tulihitaji nauli na sketi, na kamati ya wazazi ikaamua kuchangishana kwa hiari kwa njia ya simu. Mweka hazina alifanya kama ifanyikavyo kwenye makundi ya harusi: aliweka orodha ya majina yenye namba, na mbele ya kila aliyetoa akaweka kiasi na alama ya vema, kisha orodha hiyo ikawa inarudiwa kila jioni. Hakukusudia ubaya wowote. Baada ya siku kama kumi mfungaji wetu hodari akaacha kuja mazoezini bila maelezo. Mama yake alikuja shuleni, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kila jioni orodha inarudi, na mbele ya jina langu hakuna kitu. Mtoto anaisoma kwenye simu yangu." Nilifuta orodha siku hiyohiyo. Sasa tunaandika jumla peke yake, kwa mfano kwamba tumepata 140,000 kati ya 210,000, na aliyetoa hupata uthibitisho wake kwenye simu yake mwenyewe. Fedha hazikupungua kama mweka hazina alivyohofia, na hata kama zingepungua, nisingekubali kuirudisha orodha ile.

Nimebaki na suala la picha, ambalo mpaka leo linanisumbua. Tulipoibuka washindi wa kata niliweka kwenye kundi picha ya timu nzima wakiwa na sketi za mchezo, wamekumbatiana, nyuso zimejaa furaha. Mzazi mmoja kwa fahari yake akaiweka kwenye status. Kutoka hapo mtu asiyejulikana akaichukua, na baada ya siku tatu ilikuwa kwenye ukurasa mmoja wa Facebook, chini yake watu wazima wakiandika kuhusu miili ya watoto wa kidato cha pili na cha tatu. Binti mmoja aliyaona maneno hayo kwenye simu ya kaka yake. Tulimwandikia mwenye ukurasa, na picha ikaondolewa siku ya nne, lakini picha ikishachukuliwa na watu huwezi kuikusanya tena yote. Niliwaita wachezaji pamoja na mwalimu mwenzangu, nikawaomba radhi, kwa sababu aliyekuwa wa kwanza kuiweka ile picha ni mimi.

Siku hizi hakuna picha ya mchezaji inayowekwa bila ridhaa ya maandishi ya mzazi na bila mchezaji mwenyewe kukubali, na tunazoweka ni za mchezo ukiendelea, zilizopigwa kwa mbali, bila kutaja jina wala darasa. Baadaye niliisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023, na nikaona kwamba taarifa zinazohusu watoto na miamala ya fedha ya mtu zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti. Nilishangaa kwamba makosa yangu mawili makubwa yalikuwa yameketi pamoja katika kifungu kimoja. Nafikiri kila mwalimu wa michezo angepaswa kuisoma kabla ya kufungua kundi lolote.

Kanuni yangu nyingine haina mjadala: siandikiani na mchezaji faraghani. Wasichana wa kidato cha nne wakimaliza mtihani na kupewa simu nyumbani, baadhi hunitafuta, wengi kwa nia njema ya kuulizia timu. Huwajibu kupitia kwa mzazi, au mwalimu mwenzangu akiwa ndani ya mazungumzo. Mimi ni mwanaume ninayefundisha wasichana, na nataka kila neno ninalowaandikia liweze kusomwa na mama zao. Msimu ukiisha kundi hufungwa na namba hufutwa, kisha mwaka unaofuata tunaanza upya na wazazi wa kikosi kipya.

Mwaka jana tulifika fainali ya wilaya. Wazazi wengi walikuwa makazini, kwa hiyo niliahidi kutuma matokeo kila robo inapokwisha, kwenye kundi na kwa meseji. Robo ya kwanza tuliongoza 9 kwa 7, ya pili tukafungana, ya tatu tukawa nyuma kwa goli moja. Robo ya nne ilipokwisha wachezaji walikuwa wakilia, nami nikawa nawatuliza, nikasahau kutuma. Simu ikaita. Alikuwa ni bibi wa yule binti anayecheza GD, ambaye jirani yake alikuwa akimsomea kila meseji inapoingia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwalimu, mbona kimya?"

Nilimwambia tumefungwa kwa magoli mawili, kwamba mjukuu wake amekata mipira mingi kuliko mchezaji yeyote uwanjani, na kwamba tutaondoka saa 11 kamili. Akauliza atashushwa wapi. Nikamtajia kituo, akasema atamtuma mtu akampokee, kisha nikakaa kwenye nyasi na kuwaandikia wengine wote.