Mwimbaji wa dirishani

Wikiendi hii nimeangalia filamu moja ya zamani, *Gold Diggers of 1933*, na kipande chake cha mwisho nimekirudia mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta kuniuliza kuna msiba gani.

Watu wakizitaja filamu za kuimba na kucheza za miaka ile husema zilitengenezwa ili mtu asahau njaa. Sikatai. Lakini hii inaanza na mwigizaji Ginger Rogers amevishwa sarafu, kundi zima la wachezaji nyuma yake limevishwa sarafu, anaimba kwa tabasamu kwamba sasa hela tunazo. Ni mazoezi. Hawajafika mwisho wa wimbo, wanaingia madalali wa mahakama, kwa sababu mwenye onyesho anadaiwa. Wanabeba mapambo ya jukwaa, wanawavua wasichana mavazi waliyoyavaa, na yule Ginger wanamng'oa sarafu yake mwilini. Huo ndio mwaka wenyewe. Marekani ya 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hana kazi, na Rais Roosevelt kuapishwa tu mwezi Machi akafunga mabenki ya nchi nzima kwa siku kadhaa.

Kisha tunawakuta wasanii watatu wanaoishi pamoja, Joan Blondell, Aline MacMahon na Ruby Keeler, kodi hawajalipa na chakula hakuna. MacMahon anachukua koleo, ananyoosha mkono dirishani, anaivuta chupa ya maziwa ya jirani. Hana aibu wala haraka. Nimempenda sana mama yule. Mtu aliyewahi kurudi nyumbani kwa kunyata ili mwenye nyumba asijue yupo atamwelewa bila tafsiri.

Nyuma ya kamera nako mambo yalikuwa magumu. Machi ile ile studio za Hollywood ziliwatangazia watu wake mishahara kukatwa, wengi wao nusu nzima, kwa wiki nane. Waigizaji walichachamaa, na mwaka huo huo wakaanzisha chama chao, Screen Actors Guild. Kwa hiyo akina dada wale wanaoigiza kukatwa riziki, wengine walikuwa hawaigizi sana.

Kilichonikesha ni wimbo wa mwisho. Joan Blondell amesimama chini ya taa ya barabarani, na maneno hayaimbi, anayasema, ya mwanamke ambaye mumewe alipelekwa vitani, akarudi, akasahaulika. Polisi anamsukuma mwanamume aliyelala mlangoni mwa watu. Blondell anamzuia, anaufunua ukosi wa koti la yule bwana, na ndani yake kuna medali. Mtazamaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa. Kiangazi cha 1932 maelfu ya askari wastaafu waliandamana Washington kudai malipo waliyoahidiwa, na wakafukuzwa na jeshi lao wenyewe.

Halafu kamera inapanda madirishani. Dirisha moja lina mwanamke mweusi, kichwa amekiegemeza, anaimba. Ghafla wimbo unakuwa na uzito mwingine. Blondell alikuwa anatueleza habari. Huyu yamemkuta. Na hajashika sinia, hajavaa aproni, hamuulizi bibi mweupe kama chai iko tayari. Ni mjane tu, kama wajane wengine. Kwa filamu za wakati ule, hilo peke yake si dogo.

Ukitafuta jina lake kwenye orodha ya wasanii wa filamu, halipo.

Ni Etta Moten. Mzaliwa wa Texas, 1901, mama wa mabinti watatu aliyeachana na mume, akarudi masomoni Chuo Kikuu cha Kansas, akahitimu 1931, ndipo akaenda kutafuta jukwaa. Umri ambao kwetu wangemwambia atulie, alee. Mwaka ule ule wa 1933, kwenye filamu nyingine, Ginger Rogers alifungua mdomo na ikatoka sauti ya Moten. Hapo nilisimamisha filamu, nikaenda kuchemsha maji ya chai ambayo sikuyanywa.

Naomba nieleze kwa nini. Mimi nauza sauti. Matangazo ya redio, vipindi, filamu za kuingiziwa Kiswahili, naingia kwenye kibanda chenye magodoro ukutani, nasoma, nalipwa, naondoka. Kuna tangazo moja nililisoma likavuma. Dada aliyeonekana kwenye picha alikuwa akisimamishwa sokoni aombwe aseme ule msemo wangu, na shangazi yangu mpaka leo anaamini nambania dada wa watu. Sina kinyongo naye hata kidogo, alifanya kazi yake. Wala Ginger simlaumu, maana naye alikuwa ameajiriwa. Ninaowafikiria ni wale waliokaa ofisini wakapanga sauti ipi isikike na uso upi uonekane, kisha wakaenda kula.

Mwishoni mwa 1933 Moten alipata jina kwenye *Flying Down to Rio*, anaimba "Carioca" na matunda kichwani. Jina likaandikwa, lakini mhusika wake akaitwa tu "mwimbaji mweusi". Januari 1934 alialikwa Ikulu ya Marekani kumwimbia Roosevelt kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, na akaimba ule ule wimbo wa mwanamume aliyesahaulika. Nimejaribu kuliwazia hilo. Rais ambaye mwenyewe alikuwa amelitumia neno hilo, "mtu aliyesahaulika", redioni akiomba kura, amekaa anakula keki, na aliyesimama mbele yake ni yule ambaye studio haikumwandika. Alijisikiaje mama huyu? Labda furaha tupu. Sisi wa baadaye ndio tunamtwisha hasira zetu.

Miaka ya arobaini aliigiza Bess kwenye opera ya *Porgy and Bess*, na kuna neno la kuwatusi weusi lililokuwa kwenye maandishi ambalo alikataa kulitamka. Tena mwaka 1957 alikuwa Accra kwenye uhuru wa Ghana na mumewe, Claude Barnett, mwenye shirika la habari la magazeti ya weusi. Huko ndiko alikomhoji Martin Luther King, yeye akiwa na maikrofoni, yeye akiuliza. Alifariki 2004, ameipita miaka mia.

Kesho saa tatu nina kazi ya kuingiza sauti ya mama mkwe kwenye tamthilia ya Kituruki. Mama mkwe mbaya kweli kweli. Nimeshaandika ujumbe wa kuuliza kama majina yetu yatatokea mwisho wa kipindi, ila sijautuma. Nasubiri wanilipe kwanza ya mwezi uliopita.