Nebula ya Carina ilivyonitoka kijani kama mchicha

Wakuu nimepotea kidogo humu, sijaacha, nilikuwa napambana na picha moja tu ya anga tangu Februari na jana usiku ndo nimeikubali. Nebula ya Carina, NGC 3372 kwenye orodha za wanaanga, wingu kubwa la gesi huko angani. Hii kitu iko kusini sana, jamaa wengi wa Ulaya wanaotufundisha haya mambo YouTube kwao haichomozi kabisa, ila hapa Dar mwezi wa pili ikifika saa saba usiku imekaa zake nyuzi kama 37 juu ya paa la jirani, unaipiga tu, mawingu yakikuruhusu.

Darubini yangu ni ya milimita 51, yani ni kama chupa ya chai, fokasi milimita 250, nyuma yake kamera ya mono, yani inapiga nyeusi na nyeupe tu, yenye sensa ya mraba ya pikseli 3008 kwa 3008. Inaingia nebula nzima na nafasi inabaki. Taa za mji haziniumizi sana kwa sababu filta zangu zinapitisha kipande chembamba cha mwanga, nanomita 7 tu, moja ya haidrojeni kwenye 656, moja ya salfa kwenye 672, moja ya oksijeni kwenye 501. Kupanga mount, ile stendi inayozunguka kufuata nyota, ndo mateso, maana unailenga kwenye ncha ya kusini ya anga, na hiyo kwetu iko nyuzi 7 tu toka chini, imefichwa na ghorofa, nikapanga kwa kuangalia nyota inavyohama kwenye skrini, usiku mzima wa kwanza ukaishia hapo. Na joto letu hili kamera naipoza mpaka minus 5 basi, ikipoa chenga zinapungua, wenzetu wa baridi wanasema minus 20 nami nacheka tu.

Nikakusanya masaa 9, picha za dakika 5 kila moja, haidrojeni masaa 2, salfa 3, oksijeni 4. Kusteki, yani kuzirundika picha zote ziwe moja, pamoja na darki (picha za giza za kutoa chenga za kamera) na flati (picha za mwanga sawa za kutoa vivuli na vumbi), kwenye programu ya Siril hakuna stori, inajifanyia. Ukifungua faili ni giza tupu na vidoti, usiogope, data imejibana yote upande wa kushoto wa histogramu, ile grafu ya giza na mwanga wa picha, inataka kuvutwa, yani kung'arishwa ionekane.

Sasa hapo ndo nilipoharibu. Nikachukua chaneli tatu, yani picha moja ya kila filta, kama zilivyo nikaziunga kwa mtindo wa darubini ya angani ya Hubble, ule uliopata umaarufu na picha ya 1995 ya nguzo za gesi za nebula ya Eagle: salfa inakuwa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu. Nikavuta. Aisee. Mchicha. Picha nzima kijani, katikati kweupe, bluu huioni hata kwa kuomba. Kumbe sababu ni rahisi, haidrojeni ina nguvu kuliko wenzake mara kadhaa, na umeipa kijani, sasa unategemea nini? Nikakimbilia kile kitufe cha kuondoa kijani, nikabonyeza kwa nguvu zote, kijani kikaondoka kweli, kikaondoka pamoja na mawingu yote mazuri, maana kitufe kile kinashusha kijani mpaka wastani wa nyekundu na bluu, na kwenye picha yangu hizo mbili zilikuwa karibu na sifuri. Nikabaki na kitu kama chai ya rangi iliyomwagika kwenye shuka.

Wiki mbili nimekaa na ile chai ya rangi.

Kilichonitoa ni kuacha kuunga mapema. Kila chaneli peke yake kwanza: programu ya GraXpert kuondoa ule mng'ao wa taa upande wa Kariakoo, nyingine ya StarNet kung'oa nyota, halafu navuta kila moja kivyake mpaka vilima vya histogramu vya zote tatu vikae sehemu moja. Haidrojeni unaigusa kidogo tu, salfa na oksijeni unazivuta hasa. Hapo ndo unalipia, oksijeni ukiivuta hivyo chenga zinatoka zote, na yangu nusu nilipiga mwezi uko juu (kosa, mwezi mpe haidrojeni, oksijeni isubiri giza), nikatupa picha 11, zilizobaki nikazisafisha chenga kabla ya kuunga. Kuunga sasa, dhahabu na bluu zikaja zenyewe, kijani kilichobaki nikakipunguza kidogo sana.

Nyota nazo zilitoka pinki, matokeo ya kule kuvuta salfa na oksijeni kuliko haidrojeni. Nikarudisha nyota za haidrojeni peke yake. Nyeupe zote, hazina rangi, sawa tu.

Shemeji kaja Jumapili kaiangalia kwenye simu, "shem, hii si umechora?" Nikamwambia sijachora, kila wingu hapo lipo, ila rangi nimegawa mimi. Haidrojeni na salfa kwa macho zote ni nyekundu, huwezi kuzitofautisha, ukiziacha hivyo hujui salfa imekaa wapi. Nikamwonyesha kile kipande cheusi cha katikati, Keyhole, alichokieleza mwanaanga John Herschel alipokuwa Cape Town miaka ya 1830, na pembeni yake Eta Carinae, nyota iliyolipuka miaka ya 1840 ikang'aa kuliko karibu nyota zote na haikufa. Moshi wake kwenye picha yangu ni kama pikseli 6. Akazoom mpaka ikawa viboksi. "Viboksi hivi?" Ndio shem, hivyo hivyo.

Kona ya juu kulia bado ina kivuli, nadhani niliizungusha kamera baada ya kupiga flati. Ilitakiwa nirudie usiku mmoja tu wa oksijeni, ila masika imeshaingia, darubini iko kabatini na vifuko vya kunyonya unyevu, na mwezi wa sita Carina itakuwa inawahi kuzama, nitabaki na masaa mawili matatu ya jioni kabla haijaenda nyuma ya ghorofa.