Kinangop, kwenye nyasi za watu

Wenzangu walikuwa wakiwazia samaki wa Naivasha, lakini usukani ulikuwa mikononi mwangu, na mimi nilikuwa namfuata ndege. Pale Flyover nikaiacha barabara kuu, nikashika ya Njabini. Manung'uniko yalikoma baridi ilipoanza kupenya dirishani. Uwanda wa Kinangop uko juu, kama mita 2,500, na masika yalikuwa yamekolea.

Anayetarajia lango na twiga atarudi amekasirika. Hifadhi ya nyasi ya Murungaru, mali ya shirika la Nature Kenya, ni malisho tu yaliyopakana na viazi na kabichi. Mama mmoja aliyebeba mtungi wa maziwa alituuliza, "Mmetoka Nairobi kuja kutazama nyasi?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Akacheka mpaka akautua mtungi.

Tuliyemfuata ni Macronyx sharpei, ndege mdogo mwenye kucha ndefu, asiyepatikana nchi nyingine yoyote ila Kenya. Hujificha na kutaga kwenye mashungi ya nyasi, kwa hiyo mnatembea mmejipanga mstari, polepole, mkitazama chini. Kijana wa pale aliyetuongoza alimwona kabla yetu sote. Ndege aliruka chinichini, manyoya meupe ya pembeni mwa mkia yakamulika, akatua tena karibu. Kifua cha njano chenye michirizi. Hana ule mkufu mweusi wa jamaa zake.

Ardhi ya huku ilikuwa mashamba ya walowezi kabla ya kugawiwa familia, na karibu yote ni ya watu binafsi. Jembe likipita, ndege huyu hahamii kwenye viazi, anatoweka. Mimi simlaumu mkulima mwenye karo ya kulipa. Ng'ombe wa maziwa na kondoo wa sufu wakimpa pesa ya maana, nyasi zitabaki zenyewe. Mahubiri ya uhifadhi peke yake hayajawahi kulisha mtu.

Waliowateka wenzangu, hata hivyo, ni madume weusi wa ndege mwingine, Euplectes progne, wenye mikia ya nusu mita, wakipepea juu ya majani kama wanaburuta kanga iliyolowa. Hapahapa Kinangop ndipo Msweden Malte Andersson alipofanya jaribio lake maarufu, lililochapishwa 1982. Aliwapunguza baadhi ya madume mikia, akawaunganishia wengine vipande vile kwa gundi. Waliorefushiwa wakavutia majike wengi zaidi. Rafiki yangu, ambaye hajawahi kushika darubini, alitaka kujua waliokatwa walijisikiaje. Nikamwambia amwulize Andersson.

Ukienda, vaa gambuti, maana tope la huko halijui viatu vya mjini. Mchukue mwongozaji wa kijijini umlipe vizuri, na omba ruhusa kabla ya kuvuka uzio wa mtu. Maziwa pia nunua hukohuko.