Pasaka yetu huanzia makaburini

Nyumbani kwetu Tukuyu tuko kumi na mmoja: mimi, mume wangu, watoto saba na wawili wa marehemu kaka yangu. Shule zikifungwa, meza ya jikoni ndiyo darasa. Baada ya sala ya asubuhi kila mtu anasoma mistari miwili ya Biblia kwa sauti, mkubwa akimwelekeza mdogo, ndipo chai inamiminwa.

Sisi ni Wamoraviani, kanisa lililoingia Rungwe mwaka 1891, na alfajiri ya Pasaka tunafanya ibada makaburini tukingoja jua. Jumamosi tulishinda huko na majembe, tukipalilia. Usiku mvua ikanyesha bila kukatika (Aprili huku tumeizoea), na saa kumi nilikuwa natafuta viatu vya watoto tisa kwa tochi ya simu.

Nyimbo zilipoisha, kitinda mimba wangu wa miaka sita akachuchumaa mbele ya kaburi la mama yangu. Akaweka kidole kwenye saruji iliyolowa, akafuata herufi moja moja, midomo ikitetemeka kwa baridi, hadi akamaliza jina zima. Hakuna aliyemsaidia.

"Mama, ni Bibi!"

Mama yangu hakuwahi kukaa darasani. Alijifunza kusoma kanisani, akiwa tayari na watoto wanne. Nililia pale pale mbele za watu.

Tulirudi tumelowa chapachapa, tukapika ndizi za nyama kwenye sufuria la kuazima kwa jirani. Leo mtoto ananiuliza tutarudi lini, anataka kusoma la Babu.