Kabla ya Kushusha Giaboksi, Kagua Valvu ya PCV

Sili ya nyuma ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ikianza kuvujisha oili, mafundi wengi hushusha giaboksi, hubadilisha sili na kurudisha kila kitu mahali pake bila kujiuliza ni nini kilichoisukuma oili hiyo nje. Katika kila injini, hata iliyo mpya, kiasi kidogo cha gesi hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kikiwa kimebeba mvuke wa maji, petroli isiyoungua na asidi. Gesi hiyo isipotolewa, oili hugeuka tope na shinikizo hutafuta pa kutokea: kwenye sili, kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), au kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili.

Kazi ya valvu ya PCV (valvu ya kutolea gesi za ndani ya injini) ni kuiachia manifoldi, yaani njia ya hewa iingiayo kwenye injini, ivute gesi hiyo kwa kipimo ili ikachomwe upya, huku hewa safi ikiingia kwa mpira (hozi) wa pili unaotoka upande wa chujio la hewa. Ili kuikagua, washa injini ikiwa imepata moto, usikanyage mafuta, chomoa valvu kwenye tapeti kava kisha uzibe mdomo wake kwa kidole. Ikiwa nzima, utahisi kidole kikivutwa. Wapo wanaoitikisa tu wasikie kama inalia. Mimi siamini kipimo hicho peke yake, kwa kuwa springi iliyolegea nayo huacha valvu ilie vizuri kabisa.

Hitilafu iliyo kinyume cha kuziba husahaulika. Valvu iliyokwama wazi, au kiwambo chake cha mpira kikichanika, huingiza hewa isiyopimwa. Injini hutetemeka, huenda msimbo wa hitilafu P0171 (hewa nyingi kuliko petroli) ukaonekana kwenye mashine ya kupimia, na pengine hutoka mlio wa filimbi huku kifuniko cha oili kikiwa kigumu kufunguka kwa jinsi kinavyofyonzwa.

Ikiwa valvu ni mpya na mipira yote iko wazi, lakini mdomo wa kujazia oili bado unapuliza moshi kwa nguvu, hapo ndipo upime kompresheni (shinikizo ndani ya silinda), kwani ringi zinatiliwa shaka. Mpira ukihitaji kubadilishwa, tafuta unaostahimili oili, maana mpira wa maji hulainika na kubonyea kwa mvuto wa manifoldi, na njia ikaziba tena.